Haki ya Dalali na Haki ya Mwenye Nyumba

Mwenye nyumba huuza nyumba mara moja au mbili katika umri wake, ilhali dalali amwuziaye huuza nyumba za watu mwaka hata mwaka. Kwa hiyo tangu siku wakutanapo hawako sawa kwa maarifa, na ajuaye machache ndiye mwenye mali, na ajuaye mengi ndiye msemaji wake. Katika kutolingana huko ndimo zizaliwamo lawama zote zisemwazo juu ya madalali, ziwe zimesemwa barazani Ngamiani, mjini Tanga, au jikoni mwa nyumba ya Mswahili akaaye Columbus, Ohio.

Sisi tulioko ughaibuni tumezoea kuhukumu jambo hili upesi. Husema kwamba wakala wa nyumba wa huku ni muungwana, kwa kuwa huvaa koti, huleta mkataba wa kurasa nyingi na picha za kupendeza. Na kwamba dalali wa kwetu ni laghai, kwa kuwa huja na bodaboda, hana ofisi, na bei aitajayo asubuhi siyo aitajayo jioni. Mimi nimeuza nyumba Columbus, na pamoja na ndugu zangu nimeuza nyumba ya mirathi Chumbageni, mjini Tanga; na baada ya kuwatazama wote wawili kazini, sioni kwamba kilichowatenga ni tabia. Kilichowatenga ni karatasi. Mmoja ujira wake huandikwa kabla hajainua mguu, na akaulinda kwa sheria. Wa pili hana andiko lolote la kumhifadhi, basi hujihifadhi kwa kuficha.

Nianze na huku. Mtu akitaka kuuza nyumba katika Ohio humwita wakala mwenye leseni ya jimbo, ambaye hakuipata ila baada ya saa 120 za masomo na mtihani juu yake, na ambaye hafanyi kazi peke yake bali chini ya wakala mkuu aliye na dhamana juu ya matendo yake. Wakala ajuaye kazi yake huja na hesabu kabla ya kuja na sifa: huleta orodha ya nyumba zilizouzwa karibuni katika mtaa ule ule, zenye vyumba na umri unaokaribiana, akaonyesha kila moja iliombewa bei gani, iliuzwa bei gani, na ilikaa sokoni siku ngapi. Mwenye nyumba ambaye hakuletewa orodha hiyo na ajue kwamba hakuletewa kitu, maana bei ndiyo tangazo la kwanza, na hakuna picha iwezayo kuiokoa nyumba iliyopandishwa bei ikaupita mtaa wake.

Kisha huja mkataba. Ulio maarufu zaidi humpa wakala haki ya pekee ya kuuza, yaani katika muda wote wa mkataba, mnunuzi aletwe na nani aletwe, hata akiwa ni jirani aliyegonga mlango wa mwenye nyumba mwenyewe, wakala atapata ujira wake. Sharti hili huwashtua wageni, nao wana haki ya kushtuka. Lakini sheria ya Ohio nayo imeweka sharti la upande wa pili, kwamba mapatano ya uwakala yaliyoandikwa lazima yawe na tarehe ya kwisha, isije nyumba ya mtu ikafungwa na wakala mvivu milele. Aghalabu muda huo ni miezi mitatu mpaka sita. Aghalabu pia huwamo kifungu kisemacho kwamba mnunuzi aliyeonyeshwa nyumba na wakala katika muda ule, akirudi kununua siku chache baada ya mkataba kwisha, wakala hakosi chake. Naomba msomaji akiweke akilini kifungu hiki, kwa kuwa tutakapofika Tanga tutaona ni madhara gani hutokea pasipokuwa nacho.

Baada ya sahihi ndipo nyumba hutangazwa. Mpiga picha wa kazi hiyo huja na taa zake; vyumba hupimwa; mwenye nyumba hujaza fomu ya kueleza kasoro azijuazo, kama vile paa livujalo au unyevu wa chumba cha chini ya ardhi; kibao husimikwa katika majani mbele ya nyumba; na mlangoni huning'inizwa kisanduku cha ufunguo kifunguliwacho kwa namba, ili wakala yeyote aingie na mteja wake kwa miadi. Wakala wetu alimwomba mke wangu aondoe ukutani picha za ukoo, aondoe misala iliyokunjwa kando ya kochi, na, akisema kwa adabu kubwa huku akitazama chini, asikaange samaki mkesha wa siku ya wageni. Mke wangu alicheka, akampa kisahani cha sambusa, na samaki wakangoja. Katika matangazo yenyewe pia maneno yana mipaka yake, kwani sheria ya makazi ya mwaka 1968 inakataza kumbagua mtu kwa rangi, dini au asili yake, na tangu 1988 familia yenye watoto nayo imo katika ulinzi huo. Basi tangazo la kwetu lisemalo kwamba hatakiwi mpangaji mwenye watoto, hapa lingempeleka mtu mahakamani.

Walakini, picha na kibao ni sehemu ndogo ya kile ambacho mwuzaji hulipia. Sehemu kubwa ni kuingizwa nyumba yake katika daftari la pamoja la mawakala wa mji, ambalo humfanya kila wakala aliyemo kuwa mtafutaji wa mnunuzi wa nyumba ile, na ambalo tovuti mashuhuri kama Zillow huchota habari zake. Bei katika daftari hilo ni moja. Mtu wa mashariki ya mji na mtu wa magharibi yake huiona bei ile ile, siku ile ile, na ikishuka huonekana imeshuka.

Mintarafu ya ujira, kwa miaka mingi ada ya Marekani ilikuwa baina ya asilimia 5 na 6 ya bei, ikitoka katika fungu la mwuzaji siku ya kukabidhiana, na ikigawanywa baina ya wakala wake na wakala wa mnunuzi. Tuchukue nyumba ya dola 300,000 na ujira wa asilimia 5.5: jumla ni dola 16,500, kila upande ukapata 8,250, na katika hizo wakala hutoa fungu la wakala mkuu. Ikiwa mapatano yao ni saba kwa tatu, hubakiwa na dola 5,775, ambazo ndani yake amelipa mpiga picha, kibao na petroli, na kama nyumba isingeuzwa asingepata hata senti moja.

Hesabu hiyo hiyo ina siri nyingine, na mwenye nyumba mwangalifu huitambua. Wakala akifanya subira na kujibidiisha mpaka bei ikaongezeka kwa dola 10,000, mwenye nyumba huongezewa karibu zote, lakini wakala, katika mfano wetu, huongezewa pungufu ya 200. Kwa hiyo maslahi yake ni kuuza upesi, na maslahi ya mwenye nyumba ni kuuza vizuri. Wanauchumi Steven Levitt na Chad Syverson walichunguza mauzo ya nyumba pembezoni mwa Chicago, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wakaona kwamba mawakala wanapouza nyumba zao wenyewe huziacha sokoni kwa siku 9 na nusu zaidi, na huziuza kwa bei inayozidi ya wateja wao kwa asilimia 3.7 hivi. Huo si wizi. Ni tabia ya mwanadamu ambaye fungu lake katika ziada ni dogo mno kumfanya akeshe.

Wala ujira wa wakala wa mnunuzi haukuwa wazi kama tulivyodhani. Wanunuzi waliambiwa kwa miaka mingi kwamba wakala wao ni bure kwao, kwa kuwa hulipwa na mwuzaji, na wauzaji waliambiwa kwamba wasipomtengea fungu wakala wa mnunuzi, nyumba yao haitaonyeshwa watu. Na fungu hilo, ambalo kila mmoja alidhani linalipwa na mwenziwe, lilikuwa ndani ya bei. Wauzaji wa Missouri walikwenda mahakamani, na tarehe 31 Oktoba 2023 baraza la wazee wa mahakama mjini Kansas City likawatia hatiani chama cha taifa cha mawakala na baadhi ya makampuni makubwa, kwa fidia ya karibu dola bilioni 1.8. Machi 2024 chama hicho kikakubali suluhu ya dola milioni 418, na kuanzia tarehe 17 Agosti 2024 mambo mawili yalibadilika: fungu la wakala wa mnunuzi haliandikwi tena katika daftari la pamoja, na mnunuzi hutia sahihi mapatano na wakala wake kabla ya kuonyeshwa nyumba, mapatano yatajayo ujira kwa kiasi kijulikanacho na kusema bayana kwamba ujira huo haukuwekwa na sheria na kwamba waweza kujadiliwa. Mtu ataona kwamba nchi yenye leseni, mitihani na mikataba ya kurasa nyingi ilikuwa nayo na fungu lake lililofunikwa, na halikufunuliwa ila kwa kesi.

Uingereza ni kando kidogo, nami sitakaa nayo sana. Mwuzaji hulipa pungufu, aghalabu asilimia 1 mpaka 2 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, na mnunuzi kwa kawaida hana wakala. Humtegemea mwanasheria wake. Kwa wapangaji sheria ilikuwa kali zaidi, kwani tangu tarehe 1 Juni 2019 wakala wa Uingereza yenyewe, yaani England, hana ruhusa ya kumtoza mpangaji ada ya kuandikiwa mkataba wala ya kuchunguzwa habari zake. Mpangaji wa Dar es Salaam, ambaye humlipa dalali kodi ya mwezi mmoja na kabla yake ada ya kuonyeshwa vyumba hata asipovipenda, akisikia hayo huona ni hekaya.

Sasa twende nyumbani. Tofauti ya kwanza imo ukutani. Hapa Columbus mwenye nyumba husimika kibao cha kuuza. Kwetu ukuta wa nyumba nyingi umepakwa kwa brashi na rangi nyekundu maneno NYUMBA HII HAIUZWI, kwa sababu mwenyewe yuko safarini, au warithi wana shauri lao mahakamani, au tapeli alikwisha kumleta mnunuzi akamwonyesha mpaka choo. Soko ambalo asiyeuza analazimika kutangaza kwamba hauzi ni soko ambalo tangazo la auzaye halisadikiki kwa urahisi, na dalali wa kwetu hufanya kazi yake ndani ya shaka hiyo.

Nyumba ya Chumbageni tuliifungulia mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, msimamizi akateuliwa, warithi wakaafikiana bei ya kuanzia kuwa shilingi milioni 80, tukamwambia dalali mmoja aliyejulikana pale mtaani, kwa maneno matupu, kwamba akiuza atapata asilimia 5. Alipiga picha kwa simu, moja ya mbele na moja ya sebule ambamo feni imetoka nusu, akaandika: nyumba inauzwa, vyumba vitatu, kimoja masta, ipo ndani ya fensi, maji na umeme vipo, gari inafika mpaka mlangoni, hati safi, maongezi yapo. Tangazo hilo lilitoka katika simu yake likaingia katika makundi ya WhatsApp ya madalali wenziwe, na kutoka huko likaingia katika makundi mengine, na popote lilipopita liliacha bei nyuma likavaa nyingine. Binti wa dada yangu aliyeko Dar es Salaam aliiona nyumba ya babu yake ikiuzwa milioni 95 mahali pamoja, 98 mahali pa pili, na 105 mahali pa tatu, picha zikiwa ni zile zile na feni ile ile nusu.

Binti huyo akampigia simu dalali wetu wa kwanza, akajifanya mnunuzi.

“Habari za saa hizi, kaka. Ile nyumba ya Chumbageni bado ipo?”

“Ipo, dada yangu, tena uiwahi, jana tu imeonwa na mtu wa bandari. Tisini na tano, maongezi yapo.”

“Mwenyewe hasa anataka ngapi?”

“Mwenyewe yuko Marekani, dada, hana njaa. Wewe niambie mimi una ngapi, nami najua pa kumshika.”

Hicho ndicho kiitwacho cha juu, na hapana haja ya kumfafanulia Mtanzania yeyote aliyepata kununua kiwanja. Tufanye kwamba mnunuzi angetoa milioni 92. Mwenye nyumba angeambiwa 80. Dalali angeshika 12 za cha juu, kisha kwa uso mkunjufu angedai asilimia 5 ya 80, ambayo ni milioni 4. Jumla yake milioni 16, yaani zaidi ya asilimia 17 ya fedha iliyotoka mfukoni mwa mnunuzi. Warithi wangepata 76. Mtu alalamikaye kwamba asilimia 5.5 ya Ohio ni kubwa, na alinganishe.

Walakini hasara kubwa zaidi ya cha juu si fedha aipatayo dalali nyumba inapouzwa. Ni nyumba kutouzwa. Ikiwa thamani ya mtaa ni 80 na kitu, nyumba itangazwayo kwa 95 haijiwi na mtu, na ile itangazwayo kwa bei tatu hukimbiwa, kwa kuwa mnunuzi mwenye akili husema kwamba mali yenye bei tatu ina wenyewe watatu. Mwenye nyumba aliye mbali huambiwa kwamba soko ni gumu, mzee, fedha haionekani mtaani. Naye, kwa kuwa anadhani bei yake ndiyo itangazwayo, hukubali kushuka mpaka 70, bila ya kujua kwamba mteja wa 80 alikwisha kupita mlangoni na hakuingia. Tazama jinsi aibu mbili zinavyopishana: wakala wa asilimia huvutwa auze upesi mno kwa kuwa ziada ni ya mwenziwe, na dalali wa cha juu huvutwa apandishe mno kwa kuwa ziada yote ni yake.

Baada ya kusema hayo, insafu inanitaka nimtetee dalali wa Tanga, maana makosa yake mengine tumeyafuma sisi. Mwenye nyumba wa kwetu humpa kazi dalali mmoja asubuhi na madalali wengine jioni, akidhani kwamba wingi wao utaleta haraka. Basi nani kati yao atakayelipa mpiga picha, au apime kiwanja, ikiwa mwenziwe aweza kuuza kesho na yeye akabaki na risiti? Nauli ya bodaboda ni yake, vocha ni yake, jua ni lake, na siku nyingi jioni humkuta hana kitu. Zaidi ya hayo, wako wenye nyumba ambao, wakishaletewa mnunuzi, humvuta kando, wakabadilishana naye namba za simu, wakasubiri mwezi, wakauziana wenyewe kwa wenyewe. Kumruka dalali ni mchezo wa watu waheshimiwa, na wengine huuhadithia kwa kicheko. Hapo ndipo kile kifungu cha mkataba wa Ohio, ambacho humhifadhi wakala hata baada ya muda kwisha, kinapoonekana thamani yake. Asiye na kifungu humficha mwenye nyumba kwa mnunuzi na humficha mnunuzi kwa mwenye nyumba, akisimama katikati kama mlango pekee wa ua. Na mtu akishasimama hapo, kutoza ushuru wa kupita ni jambo la hatua moja.

Tena dalali huyo hufanya kazi ambayo hakuna daftari la pamoja liwezalo kuifanya. Yeye ndiye ajuaye kwamba nyumba ile ina mke wa pili aliyeko Pangani ambaye hakuulizwa, ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia kuuzwa nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzi. Yeye ndiye ajuaye kwamba ukuta wa jirani umeingia hatua mbili katika kiwanja, na kwamba mrithi mdogo ameapa hatatia sahihi. Wakala wa Columbus hayajui mambo kama hayo, na hana haja ya kuyajua, kwa kuwa iko kampuni ya hati imfanyiayo upekuzi, na iko bima juu yake. Kwetu upekuzi rasmi hufanywa katika ofisi ya ardhi, kwa Msajili wa Hati, na muhuri wa serikali ya mtaa, ambao watu wengi huuona kuwa ndio mwisho wa mambo, hauwezi kuchukua nafasi yake. Lakini habari za watu, ambazo haziandikwi katika hati, ziko kinywani mwa dalali.

Sheria nayo haikunyamaza kabisa. Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba tangu miaka ya themanini, pamoja na bodi ya kuwasajili, na mtu wa Mombasa anayo haki ya kumwuliza wakala cheti chake cha mwaka huu. Kwa Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, imeeleza wajibu wa wakala kwa aliyemtuma, nao ni pamoja na kumpa hesabu ya alichopokea kwa ajili yake. Hivyo milioni 12 zilizopokewa kwa nyumba yangu na kufichwa kwangu hazihitaji sheria mpya ili ziitwe jina lake.

Wako watakaosema kwamba cha juu ni haramu tangu asili yake. Hapo nitakhitilafiana nao. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas, na Bukhari ameitaja katika mlango wa ujira wa dalali, kwamba hakuona ubaya mtu kumkabidhi mwenziwe nguo aiuze kwa kiasi fulani, na kitakachozidi kiwe cha mwuzaji huyo. Wanazuoni baada yake walikhitilafiana, wengine wakikataza kwa kuwa ujira huo haujulikani kiasi chake. Lakini hata walioruhusu, waliruhusu jambo lililosemwa baina ya mwenye mali na dalali, kila mmoja akilijua na kuliridhia. Kinachoharibu cha juu ni kifuniko. Kikisemwa mbele ya wote wawili kinakuwa ni sharti kama masharti mengine, tena sharti lenye faida, kwa sababu humfanya dalali aione ile ziada ambayo wakala wa Chicago hakuona sababu ya kuikeshea.

Ndivyo tulivyofanya Chumbageni tulipomwacha dalali wa kwanza tukamchukua wa pili. Tulimwandikia karatasi moja: yeye peke yake kwa miezi mitatu, bei ya tangazo ni moja popote itakapowekwa, ujira ni asilimia 5 ya milioni 80, na katika kila shilingi izidiyo hapo robo ni yake, mnunuzi aliyemwandikisha jina kwetu, akinunua hata miezi sita baada ya mkataba, dalali hakosi haki yake, na bei ya mwisho itatajwa mbele ya wakili, mwuzaji na mnunuzi wakisikilizana, kwa simu ikiwa mmoja yuko mbali. Aliisoma, akaisoma tena, akauliza juu ya kile kifungu cha miezi sita, na alipohakikishiwa akatia sahihi, kisha kesho yake akatuletea picha zilizopigwa mchana mwema, na vipimo vya kiwanja. Nyumba iliuzwa milioni 86. Yeye alipata nne, na moja na nusu juu yake; warithi wakagawana 80 na nusu.

Kwa hiyo, ewe ndugu uuzaye ukiwa mbali, tazamia haya kwa dalali wa nchi yoyote. Mtake orodha ya mauzo ya karibuni kabla hajakutajia bei. Mtake aseme kwa maandishi atafanya nini ili nyumba ijulikane: picha zitapigwa na nani, zitawekwa wapi, nani alipaye, na habari za walioitazama utazipata kila baada ya muda gani. Mwulize anamtumikia nani, wewe au mnunuzi, maana akisema wote wawili ujue kwamba katika bei hana upande. Ujadili ujira, kwani hapa Marekani siku hizi karatasi yenyewe inasema waweza kujadiliwa, na kwetu nako hujadiliwa. Ikiwa lazima umpe mtu uwakala wa kutia sahihi kwa niaba yako, mpe ndugu au wakili, na uusajili. Usimpe yule yule atafutaye mnunuzi. Na malipo ya dalali yatoke siku fedha iingiapo, yakitajwa kwa tarakimu katika hati ya mauziano, ili mnunuzi naye aone fedha yake imekwenda wapi.

Dalali akataaye kuandika bei moja amekwisha kukujibu swali ambalo hukumwuliza, basi mshukuru na umwache. Na wewe mwenye nyumba, ukikataa kuandika haki yake, huna ruhusa ya kushangaa akijichukulia mwenyewe.